Tairi za inchi 15 kwenye Corolla 110 zisiguse bodi

Ndugu yangu, rimu za inchi 15 ulizozitoa kwenye gari jipya zitaingia kwenye Corolla 110 yako iwapo zina matundu manne ya nati kwenye duara la milimita 100, lakini tairi za 195/65R15 zilizokuja nazo nakusihi uziache. Tairi yako ya sasa, 185/65R14, ina kipenyo cha takriban milimita 596, ilhali hizo zinafikia 634, na ziada hiyo ndiyo itakayokwaruza madigadi ukikata kona ukiwa na abiria nyuma. Nunua 195/55R15, ambayo hukaribia 596, hata spidomita isipotoshe.

Soma pia namba ya ET iliyopigwa kwenye rimu, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye gari, kwani ikishuka kutoka 45 hadi 35 gurudumu husogea nje milimita 10. Usikubali fundi akunje kingo za madigadi kabla ya kujaribu gari likiwa limejaa watu, usukani ukizungushwa hadi mwisho pande zote mbili. Kwa hewa ya chumvi ya hapa Malindi, bati lililochubuka rangi hushika kutu upesi mno.