Lijamu la farasi wa mapipa: kabla hujatoa hela soma hapa kwanza

Kuna mdogo wangu mmoja kanitumia picha ya lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi, lenye shanki (mikono ya pembeni inayofungwa hatamu) ndefu balaa, anauliza, "Dada, farasi wangu anapitiliza pipa la kwanza, hili litamshika?" Na kanikuta nimetoka mashindanoni wikiendi hii, zile mbio za farasi kuzunguka mapipa matatu kwa muda mfupi kabisa, farasi wangu Zawadi kazunguka yote matatu hajagusa hata moja na hela tumerudi nayo, kwa hiyo leo nina mdomo, mnivumilie.

Mi naishi huku Texas, na nilivoanza kutokea uwanjani na lafudhi yangu ya Tanga watu walidhani nimekuja kupiga picha. Trena mmoja, jina naliacha, akaniuzia lijamu la waya uliosokotwa, eti Zawadi ana kiburi. Basi farasi akaanza kurusha kichwa, tukifika getini anasimama wima hataki kuingia, na yule bwana kila siku wimbo ni uleule, ongeza ukali, ongeza ukali, huku anacheka na wenzake. Nikampeleka kwa daktari akamfungua mdomo: kuna kijino kidogo mbele ya magego, chuma kikivutwa kinagonga palepale! Kikang'olewa, kidonda kikapona, nikamvalisha snafo laini, lijamu lisilo na shanki, na huyo mwenye kiburi ndo huyu anayeniletea hela. Mpaka leo yule trena tukikutana hanisalimii. Sawa tu.

Kwa hiyo meno kwanza. Narudia, meno kwanza, angalau mara moja kwa mwaka.

Halafu muelewe kitu kimoja, chuma hakiongezi spidi. Mwaka 1985 kwenye fainali za taifa za rodeo za Marekani pale Las Vegas, mpanda farasi wa mapipa Charmayne James alikuwa katikati ya mbio hatamu ikamvuka farasi wake Scamper kichwani, na bado wakashinda raundi ile. Huyu mama ana mataji 10 ya dunia mfululizo, 1984 mpaka 1993. Farasi alikuwa anajua kazi yake, basi. We wako ukimtoa shanki anajua nini?

Kwenye uwanja wa kawaida pipa la kwanza na la pili yameachana futi 90, kwenda la tatu ni futi 105, na ukiangusha moja unaongezewa sekunde 5, yaani umekwisha. Hapo katikati farasi anatakiwa apunguze, apinde, aachiwe. Lijamu linalojua kushika tu halijui kuachia, na mimi naona wengi wanapotezea muda pale kwenye kuachia.

Shanki inafanya kazi kama spana: pima kutoka chuma cha mdomoni kwenda chini mpaka kwenye hatamu, gawa kwa kipande cha shanki kilicho juu ya chuma hicho. Chini inchi 6 na juu inchi 2, mkono wako umezidishwa mara 3, na ukiwa mbioni mkono wenyewe unavuta bila hata wewe kujua. Farasi mchanga au mgumu kupinda mpe snafo, ila ya vipande vitatu, maana ile yenye kiungo kimoja inambana ukivuta pande zote mbili kwa pamoja. Anayeangusha bega kwenye kona, jaribu gegi ya shanki fupi, lijamu ambalo chuma chake kinapanda kidogo kwanza kabla hakijakaza kwa hiyo anapata taarifa mapema. Asiyetaka kabisa kitu mdomoni kuna hakamo, inabana pua, nayo ina ukali wake msidanganyike. Upana wa lijamu kwa farasi wengi wa aina ya Quarter Horse ni inchi 5, mnyororo wa kidevuni uache vidole viwili vipite. Na lijamu jipya mazoezini jamani, sio siku ya mashindano.

Sasa mdogo wangu, wako fanya hivi. Mzungushe kwa hatua, halafu kwa mwendo wa mchakamchaka, na snafo. Akipinda vizuri hapo ila mbioni anapitiliza, angalia mkono wako kwanza, wengi tunaomba kona tumeshafika kwenye pipa, mtu omba mapema! Ukishaona unaomba mapema na bado anapita, ndo tuongee habari ya gegi fupi. Na meno je, umeshamwangalia? Hiyo ya kwenye picha kama risiti unayo irudishe dukani.