Jibu: Nimepanda preri naona magugu tu, nilime upya?

Mkuu, usilime. Umesema ulimwaga mbegu za preri, yaani mbuga ya asili ya nyasi na maua ya Marekani, Desemba kwenye ekari 2 zilizotoka kuvunwa soya hapo jimbo la Iowa, na Julai hii magugu yamekufika kifuani, na jirani anakushauri upige jembe uanze upya. Mimi nilipita hapo hapo miaka 9 iliyopita, kwenye ekari 3 za jimbo hilo hilo. Trekta nilishaikodi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kujitolea. Alikuja shambani, akazungusha kamba kwenye mraba wa nusu mita kila upande, akaniambia nilale kifudifudi. Tukaanza kupekua kwa vidole. Chini kabisa, kwenye kivuli, palikuwa na jani moja lenye urefu wa kiganja, linakwaruza kama msasa. Akasema hiyo ni Silphium laciniatum, ambayo Wamarekani huiita mmea dira kwa kuwa majani yake makubwa husimama kingo zikitazama kaskazini na kusini. Tukachimba mche mmoja tuone. Juu jani moja tu, chini mzizi ulipita kina cha sepeto ndipo ukakatika. Mmea huo ukikomaa mizizi yake hushuka mita 4 na zaidi, na unaweza kukaa miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza.

Ndivyo preri ilivyo: miaka ya mwanzo inajenga chini. Magugu unayoyaona mengi ni ya mwaka mmoja, hayana haja ya mizizi mirefu, ndiyo maana yanakimbilia juu. Ukilima, unaua miche iliyokwisha kushika na unaamsha mbegu mpya za magugu zilizolala ardhini.

Unachotakiwa ni kufyeka. Kila magugu yanapofika magotini, kata yabaki kama sentimita 15, ili jua lifike chini na magugu yasipate nafasi ya kumwaga mbegu. Yako yameshapita kiasi, kwa hiyo mabua yatalala mazito na kuifunika miche: tumia mashine inayoyasaga, au yakusanye uyatoe nje. Na tafadhali usiweke mbolea. Naitrojeni itayanenepesha magugu, wakati mimea ya preri imezoea kubana matumizi.

Kosa langu mimi lilikuwa kwenye mchanganyiko wa mbegu. Nilijaza Andropogon gerardii, ile nyasi ndefu ambayo suke lake limekaa kama mguu wa bata mzinga, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuota. Mwaka wa 5 ilikuwa imenipita kichwa, na maua yamebanwa yote. Nililazimika kupanda Pedicularis canadensis, kammea kafupi kenye maua ya njano kanakojishika kwenye mizizi ya nyasi na kuinyonya. Panapostawi, nyasi inapungua nguvu na maua yanapata pa kupumulia. Sikuwahi kufikiri nitashangilia mmea mnyonyaji, lakini nilishangilia.

Preri hutunzwa pia kwa kuchomwa, ila moto usiuguse mwaka huu, majani makavu hayatoshi kuwaka vizuri. Wakati ukifika, tafuta watu waliofunzwa, pata kibali, fyeka njia ya kuzuia moto pande zote. Mimi nachoma mwishoni mwa Aprili, kwa sababu nyasi ngeni zinazopenda ubaridi wakati huo zimeshachipua na zinaumia, huku nyasi za preri bado zimelala, kisha zinaamka kwenye udongo mweusi uliopata joto haraka. Ila usichome eneo lote kwa mara moja! Nyuki wengine hulala baridi nzima ndani ya mabua matupu, na viwavi vichanga vya kipepeo Speyeria idalia hulala kwenye majani makavu chini. Ukichoma lote umewamaliza. Mimi nagawa vipande 3, nachoma kimoja kwa mwaka.

Ukipata siku moja, nenda Hayden Prairie, kaskazini ya Iowa, ekari 240 ambazo hazijawahi kulimwa, zilizopewa jina la mtaalamu wa mimea Ada Hayden. Kati ya preri yote iliyokuwa imeifunika Iowa, iliyobaki haifiki asilimia 0.1, na mimi pale ndipo nilipoelewa shamba langu linajaribu kuwa nini. Miaka 9 sasa, na bado liko mbali.

Kesho asubuhi chukua kamba, weka mraba wako, lala chini. Piga picha kila jani usilolijua, karibu kabisa, vinyweleo vionekane, uziweke hapa hapa. Nitakutajia ninayoyafahamu.