Barua kwa mwanangu: hiyo D ya Fizikia

Mwanangu mpendwa,

Natumaini hujambo, na mama mdogo na watoto wake hawajambo. Sisi huku Manyoni tu wazima. Mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kutoa mbelewele, na mdogo wako amerefuka hadi suruali za shule zinamwacha vifundo vya miguu nje.

Ujumbe wako niliusoma nikiwa zamu ya usiku. Uliandika: "Mama, wamefungua Selform, ile fomu ya mtandaoni ya kuchagua masomo ya kidato cha tano au chuo, tunaruhusiwa kubadilisha. Nibaki na PCB, ile ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, au niweke CBG, yenye Jiografia badala ya Fizikia? Au niachane na kidato cha tano niende chuo? Sitaki kukuangusha." Nilianza kukujibu kwenye simu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mambo haya hayaenei kwenye ujumbe wa simu. Ndiyo maana nimechukua karatasi, na kesho asubuhi nitampa kondakta wa basi la Morogoro aifikishe. Mama mdogo aende kuipokea stendi.

Nianze na hilo neno lako la mwisho, kwa sababu ndani yake mna kosa langu. Ulipokuwa na miaka sita ulimfunga mdoli wako mguu kwa kipande cha kanga ukaniambia amevunjika, nikakuita daktari. Jina likashika. Bibi yako akakuita daktari, majirani wakafuata, hata mwenye duka akikurudishia chenji alikuwa anasema shika daktari wetu. Mwaka jana ulipojaza fomu shuleni ukaweka PCB ya kwanza, sidhani kama ulichagua. Ulikuwa unaitika jina.

Halafu yakaja matokeo. Ulinitumia picha ya skrini: daraja la tatu, pointi 22. Kiswahili B. Jiografia, Kiingereza, Baiolojia na Kemia C. Uraia, Hisabati na Fizikia D. Ukanipigia, nikasema Mungu ni mwema, kisha nikanyamaza, na wewe ukanisikia ninavyonyamaza. Naomba unisamehe kile kimya, mama yangu. Nilikuwa nahesabu. Nilitegemea daraja la kwanza, na wewe pia ulilitegemea, lakini siku ile ulikuwa unahitaji sauti yangu, na mimi nilikuwa nahesabu pointi.

Sasa tuizungumze hiyo D ya Fizikia, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi.

Kwanza, D ya kidato cha nne ni alama 30 hadi 44, na ni ufaulu. Aliyefeli ni mwenye F. Mimi ninafanya kazi na watu walioingia vyuo vya afya wakiwa na D kama hiyo yako. Chuo cha stashahada ya uuguzi au ya utabibu kinataka uwe umefaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia, na D inahesabika kuwa umefaulu. Kwa hiyo ukitaka kuomba chuo leo, hiyo hiyo unayoililia ndiyo inayokuruhusu. Na kwa kidato cha tano, wanaangalia kama una angalau C tatu au zaidi ya hapo. Wewe unazo C nne na B moja. Hukufungiwa nje, mwanangu.

Pili, kuna D na D. Alama iliyo kwenye cheti haisemi ilikotoka, ila wewe unajua na mimi najua kidogo. Najua kwamba shuleni kwenu mlikaa tangu kidato cha pili mpaka katikati ya cha tatu bila mwalimu wa Fizikia, mwalimu wa Kemia akiwasaidia pale alipopata nafasi. Najua pia kilichotokea Septemba, ulipokuja likizo miezi miwili kabla ya mtihani.

Unakumbuka? Ulifunga jiwe kwa uzi wa kushonea, ukauning'iniza kwenye fremu ya mlango wa jikoni, uzi wa sentimita 50. Ukalivuta jiwe pembeni kidogo, ukaliachia, ukahesabu likienda na kurudi mara kumi kwa saa ya simu yangu. Sekunde 12 na pointi nane. Ukakokotoa g, ule mchapuko wa mvutano wa dunia, ikaja 12 na kitu. Ukarudia, 12 tena. Kitabu kinasema 9.8. Ilipofika saa tatu usiku ulikuwa unalia, unasema Fizikia inakuchukia. Mimi nilikuwa nasonga ugali na sikuwa na la kukusaidia. Mdogo wako, wa kidato cha pili, alikuwa amekalia ndoo pale mlangoni. Akasema, "Dada, ukiliachia tu unasema moja. Mbona bado halijaenda popote?"

Ukamtazama. Ukaliachia tena, safari hii ukasema sifuri. Zikaja sekunde 14 na robo, na g ikaja 9.7. Ulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Mwenye mwalimu husahihishwa jambo kama hilo siku ya kwanza anapoingia maabara. Wewe ulisahihishwa jikoni na mtoto wa kidato cha pili, mtihani ukiwa umebakiza miezi miwili. Sasa niambie, hiyo D inasema huwezi Fizikia, au inasema hukufundishwa? Mimi siwezi kukujibia. Lakini nilichokiona baadaye usiku ule ndicho kinachonifanya niandike barua ndefu hivi. Hukwenda kulala. Ulibadilisha uzi, ukaweka wa 40, wa 60, wa 80, ukachora grafu kwa mwanga wa taa ya sola mpaka ikazima. Baiolojia, ambayo huwa unasema ndiyo unayoipenda, sijawahi kukuona ukiisoma namna ile. Unaisoma vizuri, unaikumbuka, unafunga daftari unalala.

Na kijana wa hapa mtaani anayesoma PCB alinionyesha daftari lake nikashangaa: mada ya kwanza kabisa ya Fizikia ya kidato cha tano ni vipimo, na ndani yake mna makosa ya vipimo. Wanaanzia pale pale ulipokuwa unalia.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukueleza lote. Unajua nilisoma mpaka kidato cha sita, unajua sikwenda chuo kikuu, hapo katikati huwa naruka. Mwaka 1996 nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na C tatu: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Kwa karatasi nilikuzidi. Babu yako akasema PCB, na mimi nikasema PCB. Miaka miwili nilinakili kila alichoandika mwalimu ubaoni, mpaka nukta, na mistari mingi sikuielewa. Sikumwambia mtu. Ningesemaje, wakati baba ameuza ng'ombe wawili kwa ajili yangu? Nilikariri mchana na usiku. Matokeo ya mwaka 1999 yalikuwa Baiolojia E, Kemia S iliyo chini hata ya E, Fizikia F. Nilirudi nyumbani na treni ya usiku nikiwa nimeangalia dirishani njia nzima, ingawa nje kulikuwa giza na hakuna cha kuona.

Kilichonipeleka chuo cha uuguzi ni cheti cha kidato cha nne. Kile cha sita kimo kwenye sanduku la bati, chini ya mashuka. Babu yako alifariki akiamini kwamba siku ya mtihani niliumwa. Sikuumwa. Siku niliyokosea ni ile niliyojaza fomu nikijua moyoni kwamba Fizikia siielewi wala sina hamu ya kuielewa, nikaogopa kusema.

Kwa hiyo C yangu ilikuwa nzuri kuliko D yako, lakini mimi sikuwahi kukaa na jiwe mlangoni mpaka taa ikazima.

Kuhusu CBG. Usiichukulie kama ni ya walioshindwa PCB, maana ndivyo watakavyokwambia wenzako. Kemia, Baiolojia na Jiografia zinafungua mambo mengi, na hapo hapo Morogoro ulipo kuna SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana kilimo, wana sayansi ya chakula, wana lishe ya binadamu. Mimi kila wiki napima watoto wenye utapiamlo katika wilaya inayolima mtama na alizeti na kufuga kuku, na mtu wa lishe anayeijua kazi yake angenifaa kuliko daktari wa pili. Ila lijue na hili: shahada ya udaktari wa binadamu inataka Fizikia ya kidato cha sita pamoja na Kemia na Baiolojia. Ukiingia CBG unaiaga njia hiyo ya moja kwa moja, na uiage ukijua.

Na kama unaikimbia Hisabati, CBG haikufichi. BAM, ile Hisabati tumizi ya msingi, ipo PCB na ipo CBG. D yako ya Hisabati utaikuta kote kuwili, kwa hiyo anza kuishughulikia sasa hivi, kombi yoyote utakayoweka. Hilo siombi, nakuagiza.

Kuhusu herufi zenyewe, usizihamishe kama zilivyo. D ya kidato cha sita ni alama 50 hadi 59, ni kazi nzito kuliko C ya kidato cha nne. Chuo kikuu kinataka angalau masomo mawili uliyofaulu kwa kiwango cha A mpaka E, jumla ya pointi zake zisipungue 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hiyo ni ya kuingilia mlangoni tu. Kozi kama udaktari zinataka zaidi ya hapo, na waombaji ni wengi.

Shangazi yako amenipigia, anasema urudie mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Simpingi moja kwa moja, anakupenda. Lakini mtihani ni Novemba, matokeo Januari, na mwaka mzima utakuwa umekaa ukipigania herufi moja wakati nafasi ya kusonga mbele unayo mkononi. Mimi sioni sababu.

Chuo nacho ni njia kamili. Miaka mitatu ya stashahada, unafanya kazi, na ukiwa na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 unaweza kuomba shahada baadaye. Nawajua waliopita huko wakafika mbali kuliko mimi. Wasiwasi wangu ni mmoja tu, kwamba umeuliza chuo kwa sauti ya mtu anayetaka kujificha. "Niachane na kidato cha tano." Ukiuliza tena kwa sauti nyingine, nitakusindikiza mwenyewe kuomba.

Pesa usiiweke kwenye mizani. Ada ya kidato cha tano na cha sita kwenye shule za serikali ilifutwa mwaka 2022. Yanabaki godoro, ndoo, sare na nauli, na hayo nimeshaanza kuyawekea kidogo kidogo.

Basi fanya hivi kabla dirisha halijafungwa. Yule mpangaji wa mama mdogo anayesoma chuo alisoma PCB, mama mdogo aliniambia. Mwombe daftari lake la Fizikia, lile la mwanzo kabisa. Kila jioni baada ya kuosha vyombo kaa nalo, soma mada ya vipimo, fanya maswali. Siku saba zinatosha. Usijipe maksi. Angalia kitu kimoja: swali likikushinda leo, je, kesho unalirudia mwenyewe bila kusukumwa, au unashukuru kwamba siku imeisha? Mimi mwaka 1997 nilikuwa nashukuru.

Ukijikuta unalirudia, PCB ibaki ya kwanza na weka CBG ya pili. Ukiniuliza nionavyo, nadhani huko ndiko utakakofikia, na nasema hivyo kwa ajili ya ule usiku wa Septemba. Ukijikuta unashukuru, weka CBG ya kwanza, na uniambie siku hiyo hiyo. Nitakwambia sawa, na safari hii sitanyamaza kwenye simu. Bibi yako na mwenye duka niachie mimi.

Ukishapangiwa shule, kabla hujaripoti, tutafute mtu anayesoma pale tumuulize kama mwalimu wa Fizikia yupo na kama maabara inafunguliwa. Hilo la kukaa mwaka mzima bila mwalimu halitatupata mara ya pili tukiwa kimya.

Nimekuwekea kilo mbili za karanga kwenye mfuko wa rambo, zipo kwa kondakta huyo huyo. Mdogo wako amefunga na jiwe lile, na uzi wake, anasema utalihitaji. Lilikuwa bado limening'inia mlangoni, kila mtu anainama kulipita, hakuna aliyethubutu kulitoa.

Nipigie Jumapili nikitoka kanisani.

Mimi mama yako.