Meno yetu Arumeru hayana uchafu, yana maji

Nilipoanza shule ya bweni, mbali na kwetu Arumeru, matroni alinirudisha bombani mara mbili asubuhi moja. "Kapige mswaki vizuri!" Nikasugua kwa mkaa wa kusaga mpaka fizi zikatoka damu. Meno yakabaki vilevile, ya kahawia, na yale mawili ya mbele yana vijishimo. Tangu siku hiyo nikawa nacheka nimeziba mdomo kwa kiganja.

Sasa nina watoto wawili. Nawaandikia wazazi wenzangu mnaoishi kuzunguka Mlima Meru na popote penye maji kama yetu. Madoa haya hayaletwi na uvivu wa mswaki. Yanaletwa na floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye chemchemi na visima vyetu. Kidogo chake huimarisha jino. Yakizidi, huharibu tabaka gumu la nje wakati jino bado linajijenga ndani ya fizi, yaani tangu mtoto anazaliwa hadi miaka minane hivi. Jino la mbele la utu uzima linapochomoza, maji yameshalifanyia kazi zamani. Usimpe mtoto ndimu asugulie. Doa halitoki, na jino linaliwa.

Mama yangu alikuwa mwangalifu sana. Hatukunywa maji ambayo hayajachemshwa. Hakuna aliyemwambia kwamba moto unaua vijidudu tu, floraidi inabaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea. Maharage nayo tuliyatia magadi yaive upesi, kumbe magadi nayo yana floraidi. Kila nikikumbuka juhudi zake naumia, maana alifanya yote aliyofundishwa.

Nilipopata ujauzito wa kwanza tukaanza utaratibu wa ndoo mbili. Ya bluu, yenye mfuniko, ni ya maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi kabisa. Hayo ni ya kunywa na kupikia, na mtoto ndiye wa kwanza. Ndoo nyingine ni ya kufua, kudeki na kunywesha ng'ombe. Mvua ya kwanza tunaiacha ioshe bati, ndipo tunakinga. Maji haya tunayachemsha, kwa ajili ya vijidudu. Kiangazi yakibaki kidogo, sisi wakubwa tunaacha kuyanywa, mtoto haachi. Uji wake hasa usiupikie maji ya kisima, maana uji karibu wote ni maji. Na miezi sita ya mwanzo mpe maziwa yako tu. Floraidi hupita kidogo mno kwenye maziwa ya mama, hata kama mwenyewe unakunywa maji mabaya.

Lakini ndoo ya nyumbani kwangu haimfikii mtoto wa jirani, wala haimfuati wangu shuleni. Hapo ndipo kijiji kinapohitajika. Kikundi chetu kiliwahi kupata chujio la mifupa iliyochomwa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeishughulikia kwa miaka mingi. Lilifanya kazi vizuri. Kisha mifupa ikajaa floraidi na hakuna aliyeibadilisha. Maji yaliendelea kutoka meupe, matamu, hayana harufu, nasi tukaendelea kuyanywa kwa imani. Mkipata chujio, kwanza mchague mtu wa kulipima na mfuko wa kununulia mifupa mipya, ndipo mfungue koki.

Kwenye mkutano wa kijiji usikubali jibu la "maji yanafaa". Omba namba. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa Tanzania kiwango kilichoruhusiwa kwa miaka mingi kilikuwa 4, kabla ya kushushwa hadi hiyo 1.5. Omba namba ya kila chanzo, kwa sababu chemchemi mbili za jirani zinaweza kutofautiana sana, na huenda ile nzuri ndiyo inayonyweshea mifugo. Wakipima, waanze na bomba la shule.

Mswaki usiuache. Jino lenye madoa nalo hutoboka kwa sukari. Mtoto mwekee dawa ya meno kama punje ya mchele, akifikisha miaka mitatu kama punje ya njegere, na usimame naye mpaka ateme.