Asidi ya sitriki ya asilimia 99.8: mbona siyo ya chakula?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Natengeneza jemu na vinywaji vya kuuza. Nimepata asidi ya sitriki ya viwandani yenye usafi wa asilimia 99.8, bei karibu nusu ya ile ya chakula, ambayo imeandikwa 99.5 tu. Muuzaji anasema nikiiyeyusha na kuichuja haina neno. Nichukue?

JIBU: Usichukue, ndugu yangu. Asilimia hizi zinaponza watu kila siku. Zinakuambia asidi iliyomo ni kiasi gani, basi. Kilichobaki ni nini? Kwenye kilo ya 99.8 kuna gramu 2 zisizo asidi, yaani miligramu 2,000. Huenda ni maji matupu. Sasa, JECFA, kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, inataka risasi, ile metali yenye sumu, kwenye asidi ya sitriki isizidi miligramu 0.5 kwa kilo. Hiyo ni sehemu moja kati ya elfu nne ya hizo gramu 2. Risasi ikizidi kiwango mara ishirini, 99.8 yako itabaki vilevile.

Na kuichuja! Kitambaa kinakamata mchanga na nyuzi. Risasi iliyokwisha kuyeyuka inapita na maji hadi kwenye chupa ya mteja. Anayekufundisha hivyo anatafuta kumaliza gunia lake.

Mwaka 1955 huko Japani, fosfeti ya sodiamu ya viwandani ilitiwa kwenye maziwa ya unga ya watoto. Fosfeti yenyewe haikuwa na shida. Ilikuja na aseniki, ambayo ni sumu. Watoto wachanga zaidi ya 12,000 waliugua, na zaidi ya mia moja walifariki. Kwa hiyo nikiambiwa “kemikali ni ileile”, uvumilivu unaniisha. Glaiserini, soda ya kuokea, chumvi za kuhifadhi chakula, zote ni hivyo hivyo: jina moja, lakini ya viwandani hakuna aliyeipima kwa ajili ya tumbo la mtu, na huenda siku moja kabla, mtambo huohuo ulitoa kitu kingine kabisa.

Dai cheti cha uchambuzi. Namba ya bechi iliyo kwenye cheti ilingane na iliyo kwenye gunia, na mstari wa risasi uwe na tarakimu, maana vyeti vingi ninavyoletewa vimeandikwa “safi” tu. Ukipimiwa kwenye mfuko mweupe usio na maandishi, rudisha, hata kama gunia ulilionyeshwa lilikuwa la chakula.