Wagalatia 2:16: imani ya nani?

Ndugu, umeuliza kwa nini wasomi wanabishana juu ya "imani ya Kristo" katika Wagalatia 2:16 wakati maana iko wazi. Haiko wazi, na Kiswahili chetu kinaonyesha hivyo vizuri. Mtu akisema "upendo wa mama", ni mama anayependa au anayependwa? Kigiriki cha Paulo, pistis Christou, kina utata huohuo: imani yetu kwa Kristo, au uaminifu wake Kristo mwenyewe hadi msalabani.

Martin Luther alishika maana ya kwanza, na Waprotestanti wengi wakamfuata. Mwaka 1983 Richard Hays, msomi wa Agano Jipya, aliitetea ya pili kwa nguvu. Msomi mwenzake James Dunn akampinga, akitetea ya kwanza.

Mimi naelemea kwa Hays. Tazama Warumi 4:16, "imani ya Ibrahimu". Hakuna anayedhani hapo tunaambiwa tumwamini Ibrahimu. Ni imani aliyokuwa nayo yeye. Na sura moja nyuma, 3:26, Paulo ametumia muundo uleule kwa Yesu, "imani ya Yesu"! Hapo ndipo mimi huwa nakwama kila nikijaribu kurudi kwenye tafsiri ya zamani.

Ila usidhani kuamini kwetu kunafutwa. Katikati ya mstari huohuo wa Wagalatia kuna "tulimwamini Kristo Yesu", kitenzi kisicho na utata wowote. Upande wa Dunn unasema kitenzi hicho ndicho kinachofafanua "imani ya Kristo", inayotajwa mara mbili katika mstari huo. Hoja nzito, lakini kwangu ingemfanya Paulo arudie jambo moja mara tatu katika sentensi moja.