Kwa nini tabibu na mgonjwa hupata majibu tofauti mtandaoni?

SWALI: Daktari, shikamoo. Kichwa kinaniuma kwa wiki mbili sasa. Nilipoandika dalili hiyo kwenye simu, nililetewa kurasa nyingi za uvimbe wa ubongo, nikakosa usingizi. Shemeji yangu, ambaye ni tabibu, alitafuta kwa simu hiyohiyo akapata maelezo ya kawaida kabisa. Je, anazo tovuti tusizozijua? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Tovuti ni sehemu ndogo tu ya jibu. Wewe ulianza na dalili, ukaiachia simu ikutafutie ugonjwa. Shemeji yako, kabla hajaandika neno, alikwisha kuzingatia umri wako, muda wa maumivu na dawa unazotumia, akabaki na swali moja mahususi. Mwaka 2009 Ryen White na Eric Horvitz, watafiti wa Microsoft, walichapisha utafiti ulioonyesha jinsi anayeanza na dalili ya kawaida, maumivu ya kichwa yakiwamo, anavyoweza kufikishwa kwenye magonjwa mazito yaliyo nadra, kwa kuwa kurasa hazipangwi kwa kufuata uwezekano wa ugonjwa kumpata mtu. Hofu yako haikutokana na ujinga.

Wataalamu wengi hutumia PubMed, hazina ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, yenye kumbukumbu za machapisho zaidi ya milioni 35. Iko wazi kwa kila mtu, lakini anayeiingia bila mafunzo hupotea kirahisi, kwani tabibu hutanguliza mapitio yanayojumlisha tafiti nyingi, ilhali msomaji wa kawaida huweza kuuchukua utafiti uliofanywa kwa panya akadhani ni tiba iliyokwisha kuthibitishwa.

Sikushauri uache kutafuta. MedlinePlus, ya maktaba hiyohiyo, imeandikwa kwa wasio wataalamu, na baadhi ya maelezo yake yapo kwa Kiswahili. Ila tafuta baada ya kupimwa, ukiwa na jina la ugonjwa au la dawa uliyoandikiwa, na uangalie ukurasa umeandikwa na nani, lini, na kama mwandishi wake ana bidhaa anayoiuza.

Maumivu ya wiki mbili yanastahili uchunguzi katika kituo cha afya, pamoja na kupimwa shinikizo la damu. Yakija ghafla kwa ukali usiowahi kuupata, au yakiandamana na homa na shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kuchanganyikiwa, nenda hospitali saa hiyohiyo.